Mama Chaki na Sigara ya Saa Moja

Mama Chaki aliwahi kuiwasha chaki kwa kiberiti. Si uzushi, mteja alikuwa amesimama palepale akisubiri kupimwa kiuno. Sikio la kulia lilikuwa la chaki ya kuchoria vitambaa, la kushoto lilikuwa la sigara, na kwa miaka ishirini mikono yake ilijua njia bila kuulizwa. Siku hiyo ikakosea. Aliibana chaki mdomoni, akapiga njiti, akavuta, akavuta tena, halafu akamuuliza mteja kama njiti za siku hizi zimechakachuliwa. Mteja alicheka hadi ikabidi kiuno kipimwe mara mbili. Kuanzia hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Huyo ndiye fundi wetu wa nguo. Ana miaka arobaini na saba, mfupi, mbishi, na mdomo wake hauna breki. Anashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango umefunguka barabarani, cherehani ya miguu iko chini ya dirisha, na magauni yasiyochukuliwa na wenyewe yamening'inia ukutani mpaka yamepauka mabega. Ng'ambo ya barabara mumewe, Fundi Saa, ana kibanda cha vioo kisichozidi kabati la nguo. Anashinda humo na lenzi jichoni akichokonoa saa za watu, na asipoulizwa neno haongei. Bega kwa bega na kibanda hicho kuna duka la dada yake Fundi Saa, yaani wifi yake Mama Chaki. Wifi anauza sabuni, viberiti na sigara, na maneno anatoa bure.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitalisema kwa kunong'ona, na Mama Chaki mwenyewe halinong'oni. Ana virusi vya ukimwi. Aliambiwa miaka kumi na minne iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika mume wake wa kwanza. Alilia, akachoka kulia, akaanza dawa. Fundi Saa alipokuja kumposa aliambiwa yote kabla chai haijapoa. Yeye hana virusi. Alikwenda naye kliniki, akakaa kwenye benchi, akauliza maswali yake mawili matatu, akaelezwa kwamba mtu akimeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na vikaendelea kutoonekana, hamwambukizi mwenzake kitandani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa saa inatembea. Wakaoana, na kila mwaka karatasi ya kliniki ikawa inarudi na maneno yaleyale: havionekani. Ndoa ile ilikuwa imesimama juu ya maneno hayo, na wote wawili walilijua hilo.

Lakini sigara, mama yangu we. Kumi na tano kwa siku, ishirini siku za magauni ya harusi. Nguo zilinuka, wateja wakalalamika, na yeye akasingizia mkaa wa pasi. Miaka kumi na moja pasi ya watu ilibeba lawama ambayo si yake.

Aliyemkata kauli ni Sista. Sista ni muuguzi wa kliniki, mrefu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kisogo, na hana muda wa porojo. Siku hiyo Mama Chaki alikuja kuchukua dawa zake za miezi sita, akakohoa pale mlangoni, akakohoa tena alipokaa. Sista alimpa kibomba cha kupimia pumzi.

"Puliza."

Akapuliza. Mshale ukasogea kidogo, ukalala.

"Nimesema puliza, sijasema ukibusu."

Akapuliza hadi machozi yakamtoka, mshale ukagoma. Sista aliweka kibomba mezani akamtazama.

"Miaka kumi na minne umevifunga virusi, havifurukuti," alisema. "Kazi hiyo tumeifanya mimi na wewe. Halafu unataka kwenda kufa kwa sigara. Unajua kwamba mtu anayemeza dawa zake vizuri kama wewe, sigara inampunguzia miaka mingi kuliko virusi vyenyewe? Unanidharaulia kazi yangu, mama."

Maneno hayo yalimwingia. Yeye alikuwa amezoea kuogopa kitu kimoja tu, na kumbe kilichokuwa kinamla alikuwa anakiwasha mwenyewe.

Mara ya kwanza kuacha, alimpa Wifi pakiti amtunzie. Saa moja haikupita, akavuka barabara kwenda kuidai, na Wifi akampa, tena na kiberiti. Mara ya pili aliamua kupunguza, akawa anakata kila sigara katikati kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Fundi yeyote wa nguo akisikia hilo anashika kichwa. Mkasi wa kitambaa haukatiwi hata karatasi, sembuse tumbaku. Wiki ya tatu ulianza kutafuna hariri ya bibi harusi, na Mama Chaki akaona bora aharibu mapafu kuliko mkasi. Nasema kweli, hivyo ndivyo alivyosema.

Mara ya tatu alikwenda kwa Sista mwenyewe, wakapanga siku. Sista alimweleza kwamba uchu ukija hukaa dakika chache tu, ukipata shughuli unapita. Akamwambia pia: "Ondoa ndani ya nyumba kila kitu kinachokukumbusha sigara. Kila kitu, usijionee huruma."

Mama Chaki akatii, na alipotii alitii kupita kiasi. Ikafika siku yenyewe, akatupa pakiti, akatupa viberiti, akampa jirani kile kisahani cha majivu awawekee kuku maji. Kisha akatazama dirisha la jikoni. Pale palikuwa na mkebe wa bati, na ndani ya mkebe huo, kwa miaka yote kumi na minne, sigara na chupa ya dawa vilikuwa vimelala pamoja. Kila siku saa moja asubuhi alikuwa akifungua mkebe, akiwasha ya kwanza, akimeza kidonge kwa chai, na kumalizia sigara mlangoni. Mkebe ulikuwa umekolea harufu hata mate yakamjaa. Akauchukua pamoja na dawa zake ndani, akapanda kiti, akausukuma juu ya kabati la chumbani, nyuma ya masanduku. Akashuka akijipangusa mikono, amefurahi.

Umeshaona kosa liko wapi. Yeye hakuliona.

Vita ile niache niisimulie kidogo, maana aliipigana kiume, au niseme kike, ni sawa tu. Kila uchu ulipomjia alichukua kipande cha kaniki akashona tundu moja la kifungo kwa mkono. Tundu la kifungo likishonwa inavyotakiwa linachukua dakika nne au tano, na huwezi kulishona huku unawaza kitu kingine, maana uzi unakucheka. Siku ya kwanza alishona matundu ishirini na sita. Siku ya pili alimfokea mteja, akamfokea mumewe, akamfokea paka wa jirani, akashona thelathini. Usingizi ulipotea, alilia kwa sababu ya zipu. Wifi kule ng'ambo akawa anauliza kwa sauti, "Wifi, hujafa bado?" Naye anajibu, "Nakungoja wewe utangulie."

Wiki ya sita matundu yalishuka hadi mawili kwa siku. Mwezi wa tatu hakushona hata moja. Kikohozi kiliondoka, akaanza kusikia harufu ya vitambaa vipya, akaisamehe na pasi. Mtaa ulimpongeza. Fundi Saa, ambaye hajawahi kumlalamikia hata siku moja, alimwambia asubuhi moja, "Nguo zako zinanukia," akaenda kazini, na Mama Chaki akakaa na maneno hayo hadi jioni.

Mwezi wa nne akatolewa damu kwa kile kipimo cha kila mwaka. Alipeleka mkono akitabasamu. Wiki mbili baadaye simu ikaita, Sista akasema aje, na sauti ya Sista haikuwa na utani.

"Virusi vimepanda," alimwambia. "Elfu nne na mia mbili."

Mama Chaki alicheka. Alidhani amesomewa karatasi ya mtu mwingine. Sista akamgeuzia karatasi, jina lilikuwa lake.

"Unameza dawa?"

"Sista, kwa Mungu aliyeniumba, nameza."

"Nenda nyumbani ukaniletee chupa zako."

Alipanda kiti, akavuta mkebe kutoka nyuma ya masanduku, na vumbi likamwambia kabla hajafungua. Alimwaga vidonge kitandani akahesabu. Vilikuwa vimebaki arobaini na moja zaidi ya vilivyotakiwa kubaki. Akahesabu upya, vikawa arobaini na moja vilevile. Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni na kuelewa. Siku za mwanzo alikuwa akikumbuka, anapanda kiti anameza. Kisha kazi ikazidi, kichwa kikawa kinapigana vita moja tu, na asubuhi nyingine aliamini amemeza kwa kuwa miaka yote alikuwa amemeza. Kabla ya hapo, miaka yote kumi na minne, hakuwahi kukumbuka dawa hata siku moja. Alikuwa akikumbuka sigara, na dawa ilikuwa inapewa lifti.

Hofu iliyomshika haikuwa ya kufa, ilikuwa ya Fundi Saa. Mtu aliyemwamini kwa chai ambayo haijapoa, akalala kando yake miaka tisa bila wasiwasi, na yeye amemletea hatari kitandani huku akipongezwa na mtaa. Alivuka barabara akamweleza akiwa amesimama, mikono imeshika ukingo wa kibanda. Fundi Saa alitoa lenzi jichoni, akaiweka juu ya kitambaa, akasema, "Twende tukapimwe."

Alipimwa. Hana. Sista akasema atapimwa tena baada ya miezi mitatu, na mpaka hapo, na mpaka karatasi ya Mama Chaki irudi safi mara mbili mfululizo, ni kondomu, hakuna mjadala. Akasema pia jambo ambalo Mama Chaki hakulipenda: dawa ikikatwakatwa hivi, kuna wakati virusi vinaizoea na inaacha kufanya kazi. Watajua kwa kipimo kijacho.

Mama Chaki alihamia kwenye kochi. Fundi Saa hakubishana, alichukua mto wake akaja akalala sakafuni kando ya kochi, siku tisa, na mgongo wake si wa kijana. Siku ya kumi mke aliona aibu wakarudi kitandani wote.

Wifi naye alijua, maana katika familia hii hakuna kinachofichika. Safari hii hakuja na utani. Alivuka barabara, akaingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akaweka sigara moja juu ya meza ya kukatia.

"Wifi," alisema, "mimi nakupenda, na yule pale ni ndugu yangu, sina mwingine. Ulipokuwa unavuta, dawa ulikuwa unameza na ndugu yangu alikuwa salama. Rudia hii moja tu. Ya asubuhi. Moja haiui mtu."

Usimhukumu haraka. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, na Mama Chaki mwenyewe alikuwa ameipiga hesabu hiyohiyo tangu siku aliyokaa sakafuni. Aliitazama ile sigara. Miezi mitano na wiki moja alikuwa hajaishika. Mate yalimjaa, sikio la kushoto likamwasha, nakuapia. Aliichukua, akaizungusha vidoleni, akainusa toka mwanzo hadi mwisho, na Wifi akaanza kutafuta kiberiti mfukoni.

"Ikiwa moja, kesho kutwa ni kumi na tano," Mama Chaki alisema. "Nitameza dawa yangu, na nitakufa nayo mkononi. Ndugu yako atabaki salama na mjane. Ndivyo unavyotaka?"

Wifi akatoa mkono mfukoni, bila kiberiti.

"Kaa nayo," Mama Chaki akamrudishia. "Nitameza bila yako."

Maneno matamu, ila atamezaje? Fundi Saa alijitolea, huo si ndio ufundi wake. Tatizo ni kwamba nyumba ile ina saa ishirini na tatu za wateja, na hakuna hata moja inayopatana na mwenzake. Aliitega moja ilie saa moja kamili. Ikalia, baada ya nyingine iliyolia saa moja kasoro kumi, kabla ya nyingine iliyolia saa moja na robo, na Mama Chaki, aliyelala kwenye kelele hizo miaka tisa, hakuzisikia hata moja. Wakajaribu simu. Akawa anaizima kwa kiwiko, mikono ina unga, anasema "nakuja," kama vile simu ni mtu.

Siku ya nne alikaa kwenye cherehani akiwa na hasira na nafsi yake. Akafunua kitambaa cha kuifunikia, akafungua droo ya pembeni, akatoa kichupa cha mafuta, akadondosha tone hapa na tone pale, akazungusha gurudumu, akapitisha kitambaa chakavu kunywa mafuta yaliyozidi. Akarudisha kichupa. Mkono wake ukabaki kwenye droo.

Alikuwa hajafikiri hata kidogo. Kila asubuhi tangu alipokuwa mwanagenzi, na fundi aliyemfundisha akimpiga rula vidoleni akisahau, hakuwahi kushona pindo moja kabla ya kuitia cherehani mafuta. Alikuwa ameitia siku ya harusi yake. Alikuwa ameitia asubuhi ya mazishi. Akainuka, akaenda kuchukua chupa ya dawa, akaosha mikono, akaiweka kwenye droo kando ya kichupa cha mafuta, na akajiwekea sharti: cherehani hainywi kabla yake.

"Na Jumapili?" Fundi Saa aliuliza, maana mtu wa saa huuliza hayo.

"Jumapili nayo itakunywa. Imenilisha miaka ishirini, itakosa tone moja la mafuta?"

Basi ikawa hivyo. Jumapili watu wote wanaamka taratibu, yeye yuko chumba cha mbele anaitia mafuta cherehani isiyokwenda kushona kitu. Mteja mmoja alimkuta asubuhi akimeza, akauliza ni dawa ya nini. "Ya virusi," alijibu. "Inua mkono nikupime kwapa." Mteja akainua mkono. Ndani ya miezi mitatu kile chumba kilikuwa kimemsikia akimeza mara tisini na mbili, hakikukosa hata moja, na sigara hakuna.

Kipimo cha kwanza kikarudi: havionekani. Dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Fundi Saa naye hana. Mama Chaki alitaka kuruka, Sista akamkalisha. "Nilisema mara mbili mfululizo. Mara moja mtu anaweza kubahatisha." Miezi mitatu mingine basi, tone la mafuta na kidonge, kidonge na tone la mafuta, na mwaka mmoja wa kutovuta ukapita katikati bila yeye kuutangaza, kwa kuwa alikuwa amejifunza kutojipongeza mapema.

Siku ya karatasi ya pili ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, benchi limejaa. Sista alisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, ambayo haisaidii kitu, halafu akampa kibomba cha kupimia pumzi. Mama Chaki alivuta hewa akapuliza. Mshale ukaenda mpaka Sista akainama kuusoma.

"Havionekani," Sista alisema. "Mara mbili mfululizo. Na mapafu haya sijui umeyaazima wapi. Kondomu mnaweza kuacha mkitaka, mradi kidonge kisikatike. Nenda, mama, umenipa siku nzuri."

Akalia palepale mezani pa Sista, kwa sauti, bila kuomba radhi. Miaka yote alipotoka kliniki alikuwa akikunja karatasi yake na kuiingiza chini ya mkoba. Safari hii aliishika mkononi, wazi, akapita nayo mbele ya benchi zima, na mzee mmoja asiyemjua alipomuuliza ni habari gani alimwambia: "Virusi havionekani, na sigara nimeacha, baba. Zote mbili." Mzee akampa mkono, na wawili watatu wakapiga makofi.

Alipanda kilima cha kwenda nyumbani bila kusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha vioo akaibandika karatasi kiooni, maandishi yakitazama ndani. Fundi Saa alisoma na lenzi ikiwa jichoni. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maandishi. Alipoitoa lenzi, jicho lililokuwa chini yake lilikuwa limelowa.

"Fundi mwenzangu," alisema.

"Naam."

"Leo nafunga."

Ilikuwa saa sita kasoro, jua liko utosini, na saa tatu za wateja zilikuwa wazi mezani, matumbo nje. Alizifunika kwa kitambaa, akateremsha ubao wa kibanda, akapiga kufuli. Wifi alitoka dukani akiwa na kipande cha sabuni mkononi, akamtazama kaka yake akivuka barabara amemshika mkewe mkono mchana kweupe, akawatazama wakiingia chumba cha kushonea, akaona mlango unaanza kufungwa.

"Nyie," Wifi akaita. "Mbona mnafunga mchana huu? Kuna mgonjwa?"

Mama Chaki alichomoza kichwa mlangoni.

"Hakuna mgonjwa humu, wifi," alisema. "Uza sabuni zako."

Na komeo likaingia.